Pasi ya Jogoo katika Jengo la Kijani

Nchi nitakayoisimulia haipo kwenye ramani, na msomaji atakayedai kwamba amewahi kupanga foleni katika ofisi zake atakuwa anajisingizia mwenyewe. Inaitwa Jamhuri ya Mchakato, na mji wake mkuu ni Kikao. Raia wake ni watu wapole, huamka mapema wakaenda kuambiwa warudi kesho. Viongozi wake nao ni watu wa huruma. Wakiona mwananchi anateseka, huunda kamati ya kuyatazama mateso hayo kwa karibu, na kamati hupewa posho ili isije ikateseka naye.

Katikati ya Kikao palikuwa na Duka Kuu, jengo la ghorofa tatu lenye kuta nene na madirisha mapana, lililojengwa na wakubwa waliopita ili umma upate mahali pa kununua sare za shule, magodoro na sukari. Wakubwa waliofuata waliichoka biashara, au biashara iliwachoka wao, wakaligawa jengo na kuwapangisha wachuuzi wadogo. Chini kabisa, karibu na mlango mkubwa, kulikuwa na duka la Bi Nyamizi. Lilikuwa na mlango wa mbao, pazia la kitenge nyuma ya kaunta, na rafu zilizojaa sufuria, ndoo, chujio na mbuzi za kukunia nazi. Alilirithi kwa mama yake pamoja na sharti moja: mteja wa kwanza wa asubuhi harudishwi mikono mitupu. Hata akitaja bei ya kukasirisha, patana naye mpaka umuuzie, maana ukimfukuza huyo umeifukuza riziki ya siku nzima. Wachuuzi wote wa Duka Kuu waliishika desturi hiyo, na Bi Nyamizi aliishika kuliko wote.

Bidhaa moja tu ilimshinda kuuza. Ilikuwa pasi ya mkaa, nzito, yenye jogoo wa shaba kwenye komeo la kifuniko chake. Watu walikwisha kuhamia kwenye pasi za umeme, ingawa umeme wenyewe ulikuwa bado haujahamia kwao. Kila asubuhi Bi Nyamizi aliifuta vumbi, akaisemesha kidogo, akairudisha rafuni.

Ndipo Waziri wa Mionekano, Mheshimiwa Daktari Pambo, aliposafiri kwenda ng'ambo kwenye kongamano la kupunguza moshi duniani, akiwa na msafara uliojaza ndege. Alisinzia tangu ufunguzi, akazindukana pale picha ya jengo la vioo ilipotokea ukutani. Aliporudi Kikao aliwaita waandishi wa habari palepale uwanja wa ndege, akatangaza kwamba Duka Kuu litageuzwa kuwa ofisi ya kisasa, endelevu na rafiki wa mazingira.

“Duka ni fikra za jana,” alisema. “Duka linauza. Serikali haiuzi, serikali inahudumia. Kwa hiyo hatubomoi, ndugu wananchi, tunahuisha. Na atakayekwamisha uhuishaji huu, tutaanza kumhuisha yeye.”

Wananchi walipiga makofi, kama ilivyo kawaida ya watu wasiojua kama wamepongezwa au wametishwa.

Uhuishaji ulianza kwa kukata mijohoro iliyokuwa mbele ya jengo, kwa sababu matawi yake yalizuia watu kuuona ukijani. Madirisha mapana yaliyokuwa yakiingiza upepo yaling'olewa, vikawekwa vioo visivyofunguka, kisha ikaagizwa mitambo ya kuleta upepo. Ndani yakapangwa maua ya plastiki, ambayo yalisifiwa kwa kutokunywa maji ya umma. Kuta zilipakwa rangi ya kijani, na rangi ilipobaki mafundi wakapaka mawe, mifereji, na paka mmoja aliyechelewa kuamka.

Wachuuzi waliambiwa kwamba wanahamishwa kwa muda kwenda Eneo Mbadala, bonde moja nje ya mji ambako hata mbwa akienda hubeba chakula chake. Jengo likikamilika, kila mmoja angepewa kibali cha kurudi kuuza. Wengi walifunga mizigo yao wakaenda, maana mwenye nguvu mpishe. Bi Nyamizi hakwenda. Alisema ahadi ni deni, na yeye hamkopeshi mtu asiyemjua kwao. Siku mafundi wenye nyundo kubwa walipofika, alijifungia dukani, akakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa na pasi ya jogoo mapajani. Duka hilo ndilo alilokuwa nalo duniani. Aliapa kwamba wakitaka kulivunja, walivunje na yeye akiwa ndani.

Maduka mengine yote yalikuwa yamekwisha kuwa kifusi. Mkurugenzi wa Uendelevu, Bwana Mlekwa, mtu mwenye sauti laini na viatu vya kuchongoka, alikuwa anamweleza Bi Nyamizi kupitia tundu la ufunguo kwamba sheria inamruhusu kumwangushia ukuta, na kwamba atafanya hivyo kwa heshima zote anazostahili mama wa umri wake. Saa hiyo hiyo Waziri aliingia akiwa na mgeni.

Mgeni huyo aliitwa Bi Solvei. Alitoka nchi za baridi, kwenye baraza linalogawa tuzo ya majengo ya kijani, na tuzo hiyo huja na msaada mnono nyuma yake. Alijifunza Kiswahili chuoni kwao na alikisema polepole, kama mtu aliyebeba mayai. Alipoona duka moja lenye mlango wa mbao limesimama peke yake katikati ya vifusi, na mwanamke mtu mzima anachungulia mlangoni, alishika kifua. Aliuliza kama kweli wamehifadhi duka la zamani pamoja na mwenyewe, kwa sababu kutumia upya kilichopo ndiyo roho ya jambo lote hili, na hajawahi kuona nchi iliyofikia mpaka kwa watu.

Mheshimiwa Pambo hakuwahi maishani mwake kukataa sifa isiyokuwa yake.

“Huo ndio usanifu wetu wenyewe,” alisema. “Huyu mama ni sehemu ya jengo.”

Kesho yake likawa jambo la kisheria. Bi Nyamizi alivishwa shingoni kibati kilichoandikwa MALI YA JENGO. Sufuria na ndoo zake zilibebwa kama taka, ikabaki pasi peke yake, kwa kuwa mgeni alikuwa ameipiga picha. Bwana Mlekwa alimletea ndoo yake ya kukalia na kuiweka mbele ya kaunta tupu.

“Kaa hapa, mama,” alimwambia. “Usiuze kitu.”

Bi Nyamizi aliuliza kuhusu kibali chake. Alijibiwa kwamba awe urithi kwanza, na maombi yake ya kuuza yatashughulikiwa ghorofani kwa kadiri ya mchakato. Alikaa. Alijiambia kwamba aliyeko ndani hafukuzwi kirahisi kama aliyeko nje, na kwamba siku moja rafu zile zitajaa tena.

Mheshimiwa Waziri, akiwa amenogewa, alipiga marufuku pasi zote za mkaa nchini kwa ajili ya kulinda misitu. Askari walipita nyumba kwa nyumba wakizikusanya. Ziliyeyushwa, ukasubuliwa mti mkubwa wa chuma uliosimikwa pale mijohoro ilipokatwa. Ulikuwa mti mzuri, ila saa sita mchana haukuwezekana kushikwa. Pasi ya Bi Nyamizi ikawa ndiyo pekee iliyosalia kihalali katika Jamhuri nzima.

*

Jengo lilizinduliwa kwa hotuba ndefu kuliko ujenzi wake. Ndani hamkuwa na kuta, vilikuwa vioo vitupu, ili serikali iwe na uwazi. Mpita njia aliweza kuona meza ya ofisa, droo zake, hata magoti yake. Meza nazo zilikuwa za kioo.

Hapo ndipo janga lilipoingia. Katika Jamhuri ya Mchakato, tangu enzi za mababu wa mababu wa makarani, karatasi haijawahi kupanda kutoka meza hii kwenda meza ile bila kusukumwa na kitu, na kitu hicho hupitia chini ya meza. Sasa chini ya meza kulionekana mpaka kituo cha mafuta ng'ambo ya barabara. Maofisa walikaa wamenyoa, wasafi na wenye huzuni. Wananchi walileta maombi, na maofisa, kwa kukosa la kufanya, waliyasoma. Wakimaliza waliyasoma tena. Hakuna kibali kilichotoka. Bwana Mlekwa alikonda mpaka viatu vyake vya kuchongoka vikawa vinamtangulia.

Siku moja alishuka akazunguka jengo zima akitafuta mahali penye faragha. Alikuta mahali pamoja tu penye kuta, mlango na pazia.

Waraka ulitoka kesho yake. Kila mwombaji alitakiwa kuonyesha mapenzi kwa urithi wa taifa kwa kununua pasi ya jogoo. Mwombaji aliingia dukani kwa Bi Nyamizi, akapita nyuma ya pazia, akatumbukiza katika sanduku la Mfuko wa Mazingira kiasi ambacho moyo wake na uzito wa ombi lake vilimtuma, akachukua pasi, akapanda nayo ghorofani mbele ya macho ya watu wote. Ofisa alisema, “Leta pasi,” akaipokea mezani, akamtazama jogoo, akasaini. Halafu pasi ilirudishwa chini kwa lifti ikauzwe tena. Lifti ilitegemea jua, kwa hiyo siku za mawingu waombaji waliirudisha wenyewe kwa ngazi, na jambo hilo liliitwa ushirikishwaji wa jamii.

Kutoka barabarani watu waliona raia wanapanda na pasi na kushuka na pasi, basi. Magazeti yalisifu kwamba rushwa imekwisha.

Bi Nyamizi alipewa chupa moja ya maji kila siku kama posho ya urithi. Lakini si hilo lililomuuma. Kilichomuuma ni kwamba upuuzi ule uliitwa kuuza, tena dukani kwa mama yake. Hakuna aliyepatana bei. Hakuna aliyeuliza kama pasi inashika moto. Watu waliingia wameinamisha vichwa na kutoka wameinamisha zaidi, na aliyenunua hakubaki na alichonunua. Alilichukia jengo lile, akayachukia maua yake ya plastiki, na kila alipolisikia lile “leta pasi” likitoka juu, alihisi kama mtu anamtukania mama yake.

Siku moja alivumilia mpaka ikatosha, akapanda ghorofa ya tatu na kibati chake shingoni. Ofisa wa vibali vya biashara alikuwa kijana wa miwani, mwenye adabu.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuulizia kibali changu cha duka.”

Kijana alilitafuta ombi, akalipata, akasema limekamilika na halina kasoro hata moja. Kisha akaitazama mikono mitupu ya Bi Nyamizi.

“Leta pasi, mama.”

“Pasi iko dukani kwangu.”

“Ndiyo. Nenda ukainunue.”

“Ninunue pasi yangu, dukani kwangu, kutoka kwangu mwenyewe?”

Kijana aliona aibu kidogo, akaenda kuuliza kwa Bwana Mlekwa. Jibu lilirudi kwamba utaratibu haujui sura ya mtu, na kwamba kwa kweli Bi Nyamizi anapendelewa, kwa sababu yeye hatapanga foleni.

Alishuka akakaa kwenye ndoo yake. Angeweza kufanya. Ni kupita nyuma ya pazia, kutumbukiza chochote, kupanda na kushuka, na duka lingekuwa lake. Jirani zake wa Eneo Mbadala walimtumia salamu wakimsihi afanye hivyo, maana akipata yeye huenda na wao wakapata. Alimtazama jogoo, jogoo akamtazama. Mwishoni alisema kwa sauti kwamba mama yake hakumzaa aje aibiwe na duka lake mwenyewe. Kibali kikabaki juu na yeye akabaki chini, masika yakapita na kiangazi kikaingia.

*

Bi Solvei alirudi kuleta tuzo. Alifika asubuhi mapema, waombaji hawajafunguliwa mlango. Mheshimiwa Pambo alisimama mbele ya kamera na kuieleza dunia habari za pasi ya jogoo.

“Bidhaa moja,” alisema, “imeuzwa kutoka asubuhi mpaka jioni, mwaka mzima, bila kuchakaa na bila kuzalisha taka. Niambieni nchi nyingine iliyofikia hapo.”

Bi Solvei alivutiwa sana, akaisogelea kaunta, akainyanyua pasi kwa mikono miwili, akamgeukia Bi Nyamizi.

“Samahani, mama. Inashika moto vizuri?”

Bi Nyamizi alimkodolea macho. Mwaka mzima alikuwa anasubiri mtu mmoja tu aulize swali hilo.

“Inashika moto mpaka jioni,” alijibu. “Nguo ya arusi ukiipiga kwa hii, bibi arusi atazaa na mikunjo ya pasi bado imesimama.”

“Bei gani?”

Bwana Mlekwa alitabasamu, akidhani mgeni anatania. Lakini Bi Nyamizi aliitazama saa ya ukutani, akautazama mlango. Ilikuwa asubuhi. Hakuna mtu aliyekuwa ameingia kabla ya huyu. Mkoba wa mgeni ulikuwa wazi, na macho yake yalikuwa macho ya mtu anayetaka kitu. Mteja wa kwanza harudishwi mikono mitupu. Alitaja bei.

Bi Solvei, ambaye chuoni alifundishwa kwamba kutopatana ni utovu wa adabu, alitaja nusu yake. Bi Nyamizi alicheka, mara ya kwanza tangu avishwe kibati, akamwambia kwa bei hiyo hapati hata jogoo peke yake. Walivutana, wakaapizana kirafiki, wakakutana katikati. Halafu, kwa kuwa muuzaji mzuri hampi mteja bidhaa ikiwa uchi, Bi Nyamizi alilichana pazia la kitenge na kuifungia pasi humo. Nyuma yake likaonekana sanduku la Mfuko wa Mazingira, limenenepa, linatazamana na barabara.

Kamera zilikuwa zinapiga picha. Mheshimiwa Pambo hakuwa na njia ila kutabasamu, kumpokelea mgeni kifurushi na kumkabidhi rasmi mwenyewe. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wahenga walisema, na kabla ya adhuhuri mgeni na pasi walikuwa angani.

*

Siku iliyofuata mwombaji wa kwanza alipanda mikono mitupu. Ofisa alimwambia alete pasi. Akasema hakuna. Alirudi na ndoo, ofisa akaitazama ndoo, akashika kalamu, mkono haukwenda. Wengine walileta sufuria, redio, hata kuku hai kwa kuwa naye ni wa ukoo wa jogoo, lakini mikono ya maofisa haikudanganyika. Mzee mmoja kutoka mikoani aliuliza kama haiwezekani kusaini tu bila kitu. Alitolewa nje kwa usalama wake.

Pasi nyingine hazikuwepo, zilikwisha kuwa mti. Wazo la kuagiza moja kutoka ng'ambo lilishangiliwa mpaka mtu alipokumbusha kwamba uagizaji unahitaji kibali, na kibali kinahitaji pasi. Iliundwa kamati. Kamati ilikaa, ikaomba posho, na posho haikusainiwa. Hapo ndipo taifa lilipotambua ukubwa wa msiba. Safari za ng'ambo hazikusainiwa. Mafuta ya magari hayakusainiwa. Mheshimiwa Pambo alikuja kazini kwa miguu, akaingia peke yake dukani kwa Bi Nyamizi, na kwa kuwa pazia halikuwepo, mji wote ulisimama barabarani kumtazama kupitia vioo.

“Shikamoo, mama,” alisema. Inasemekana ndiyo shikamoo yake ya kwanza tangu apate uwaziri.

“Marahaba.”

Alimuuliza kwa unyonge kama hana pasi nyingine. Bi Nyamizi hakuona sababu ya kusema uongo. Alikuwa nayo nyumbani, ya mama yake, aliyowaficha askari ndani ya pipa la unga. Waziri aliruka kwa furaha, akamwambia ataje chochote anachotaka.

“Kibali changu cha duka. Kikishasainiwa nitakuletea pasi.”

Kililetwa upesi, kikatandazwa juu ya kaunta. Mheshimiwa alitoa kalamu yake ya dhahabu, akainama, mkono ukasimama hewani. Macho yalimtoka yakaenda kushoto na kulia kwa karatasi, yakitafuta kitu. Alijaribu mkono wa kushoto. Jasho lilimtiririka likadondoka kwenye jina la mwombaji.

“Mama,” alisema polepole, “mimi sijawahi kusaini bure.”

“Jaribu, mwanangu.”

Alijaribu. Kalamu ilichora kijistari kama mguu wa mende, ikakata tamaa.

“Leta pasi kwanza,” alimsihi. “Iweke tu hapa niione, halafu nitasaini.”

Hasira yote aliyoiweka Bi Nyamizi mwaka mzima ilimjia, lakini ilikuja na jambo jingine alilokuwa hajalielewa. Alikuwa amekaa akisubiri kupewa, na waliokaa juu yake hawakuwa na uwezo wa kumpa mtu kitu. Walijua kuuza tu.

Alisimama. Alivua kibati shingoni mwake, akamvisha Mheshimiwa Daktari Pambo, akamwekea sawa tai yake. Kisha akamsogezea ndoo iliyofudikizwa.

“Kaa hapa,” alimwambia. “Usiuze kitu.”

Alitoka kwa mlango mkubwa, na kesho yake alitandika gunia chini ya mti wa chuma, akapanga sufuria na chujio alizoletewa na jirani zake wa bondeni, ambao walianza kurudi mmoja mmoja na kutandika yao. Askari wa mji walifika kuwatimua, lakini amri ya kuwatimua haikuwa imesainiwa. Wakaishia kununua ndoo, na kwa kuwa ilikuwa asubuhi, waliuziwa kwa bei nzuri.

Pasi ya mama yake haipo kwenye gunia hilo. Iko nyumbani, anaipigia nguo. Waziri naye yuko palepale nyuma ya kioo, na watoto wa shule hupelekwa kumwona. Mikono haitulii juu ya magoti yake, na kila apitapo mtu mwenye mkoba hunyanyuka kidogo, halafu hukumbuka kibati akakaa tena. Wanaomfahamu wanasema tangu aingie serikalini hakuwahi kupewa kazi ngumu kama hiyo.